Uzi, sindano na mwanga: historia ya kuondoa malaika ya usoni mjini Guangzhou

Mji wa Guangzhou ulioko kusini mwa China, kwenye delta ya Mto Zhujiang, unafahamika kwa wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki kuwa ni mji wa vitambaa, viatu, simu na vipuri. Lakini muda mrefu kabla ya ndege za kwanza kutoka Nairobi na Addis Ababa kutua huko, nyumba za mji huo na za vijiji vilivyouzunguka zilikuwa na ustadi mmoja mdogo uliofanywa na wanawake peke yao, kwa chombo kisichozidi uzi mmoja wa pamba. Huo ulikuwa ustadi wa kuondoa malaika ya usoni mwa bibi harusi.

Kwa Kichina desturi hiyo huitwa kailian, maana yake kufungua uso. Siku chache kabla ya arusi, au usiku wa kuamkia siku yenyewe, binti aliketishwa kwenye kiti kifupi mbele ya mwanamke mtu mzima. Mwanamke huyo hakuchaguliwa ovyo. Ilitakiwa awe mtu anayehesabiwa kuwa na bahati, yaani mumewe yu hai na amejaliwa watoto, hasa wa kiume, kwa kuwa watu waliamini kwamba bahati hupita mikononi. Kwanza alimpaka binti unga mweupe usoni ili malaika yaonekane na uzi usiteleze. Kisha aliukunja uzi, akaupindapinda katikati, ncha moja akaibana kwa meno na nyingine akazishika kwa vidole vya mikono miwili. Kila alipotanua vidole na kuvifumba, mapindo ya uzi yalikimbia juu ya ngozi, yakayakamata malaika na kuyang'oa na mizizi yake. Paji la uso lilisafishwa, nywele za pembeni mwa masikio zikanyooshwa mstari, nyusi zikachongwa. Maumivu yake yalikuwa kama ya kuumwa na sisimizi wengi kwa pamoja, na binti alitakiwa ayavumilie bila kulalamika.

Urembo ulikuwa nusu tu ya jambo lenyewe. Katika China ya zamani msichana mdogo aliitwa kwa utani "msichana wa nywele za manjano", kutokana na malaika laini ya uso ambao haujawahi kuguswa. Uso uliofunguliwa ulitangaza kwa kila mpita njia kwamba mwenyewe amekuwa mke wa mtu. Kazi hii haikuwa ya Guangzhou peke yake, kwani ilifanyika katika sehemu nyingi za China, na riwaya mashuhuri ya karne ya 18, Hongloumeng ya Cao Xueqin, inamtaja msichana aliyefunguliwa uso alipofanywa suria. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa zaidi: aliposikia kwamba uso umefunguliwa, alielewa yote yaliyotokea.

Ili kufahamu uzito wa alama hiyo, inafaa kuwatazama wanawake walioikataa ndoa yenyewe. Katika wilaya za Shunde, Nanhai na Panyu, karibu na Guangzhou, maisha yalitegemea miti ya miforosadi na viwavi wa hariri. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, mfanyabiashara Chen Qiyuan alianzisha huko Nanhai kiwanda cha kusokota hariri kwa nguvu ya mvuke, na viwanda vya namna hiyo vikaenea haraka. Wasichana wakaanza kupokea mshahara wao wenyewe. Baadhi yao waliamua kutoolewa kabisa. Walifanya sherehe yao, wakasuka nywele za kichwani katika fundo la mwanamke mtu mzima bila ya kuwapo bwana harusi, na kuapa kuishi bila mume. Waliitwa zishunü, yaani wanawake waliojichana wenyewe. Wengi wao walikwenda Singapore kufanya kazi za nyumbani bei ya hariri ilipoanguka katika miaka ya 1930, na kwa fedha walizotuma nyumbani ikajengwa nyumba ya Bingyutang huko Shunde, iliyokamilika mwaka 1950, ili wapate mahali pa kuzeekea. Basi katika nchi hiyo nywele za mwanamke, za kichwani na za usoni, zilikuwa kama hati. Aliyezigusa aliandika jambo.

Wasikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki hawatayaona haya kuwa mageni sana. Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, bibi harusi alikuwa na bado ana kungwi au somo wake, husingwa kwa singo, hupakwa hina, na neno la kutinda nyusi lina umri mkubwa katika Kiswahili. Uzi uleule wa kung'olea malaika umetumika tangu zamani Uarabuni, Uajemi na India, nchi ambazo majahazi ya pwani yalikuwa na safari nazo kila msimu wa kaskazi na kusi. Na Kiswahili kina bahati ya pekee katika suala hili, kwani nywele hizi ndogo za mwilini kinaziita malaika, jina lilelile la viumbe wa mbinguni na la watoto wachanga. Hakuna lugha nyingi zilizozitazama kwa upole kiasi hicho.

Lakini uzi hauondoi jambo moja kwa moja. Unywele huota ndani ya kifuko kidogo cha ngozi kiitwacho kinyweleo, na chini kabisa ya kifuko hicho kuna kichomozo chenye mishipa ya damu kinachoulisha. Uzi, kibano na halawa ya sukari na ndimu hung'oa unywele, lakini kifuko na mlishaji wake hubaki. Baada ya majuma machache unywele mwingine huchomoza. Isitoshe, nywele haziko wote katika hali moja: baadhi zinakua, baadhi zimesimama, baadhi ziko tayari kudondoka, kwa hiyo hata dawa iliyo kali haiwezi kuzikamata zote kwa siku moja. Ndiyo sababu matibabu yote ya kweli ya kuondoa nywele kwa kudumu huchukua miezi, na anayeahidi kumaliza kwa siku moja anauza maneno.

Kuna pia tofauti kati ya malaika laini na ndevu. Malaika kila mwanamke anayo. Nywele nene na nyeusi kwenye kidevu, juu ya mdomo na kwenye mashavu ni jambo jingine, na mara nyingi hutokana na homoni za kiume ambazo mwili wa kila mwanamke hutengeneza kwa kiasi kidogo. Kwa baadhi ya wanawake kiasi hicho huzidi, hasa wale wenye ugonjwa wa vifuko vingi katika ovari, ambao huweza pia kuvuruga hedhi na uzazi. Kwa mwanamke wa namna hiyo, kushughulikia kidevu bila kupimwa na daktari ni kufuta maji sakafuni na bomba limeachwa wazi.

Ajabu ni kwamba njia ya kwanza ya kuondoa unywele kwa kudumu haikutokana na urembo. Ilitokana na macho, na hapa mji wa Guangzhou unaingia tena katika hadithi. Tarehe 4 Novemba mwaka 1835, daktari na mmisionari Mmarekani Peter Parker alifungua hospitali ya macho katika eneo la maghala ya wafanyabiashara wa kigeni, nje ya kuta za mji. Katika mwaka wa kwanza ilipokea wagonjwa zaidi ya 2,000. Hospitali hiyo inakumbukwa zaidi kwa picha za rangi ambazo mchoraji wa Guangzhou aliyejulikana kwa jina la Lam Qua aliwachora wagonjwa wenye uvimbe mkubwa mwilini. Lakini kazi ya kila siku ilikuwa macho, na miongoni mwa magonjwa yaliyojaza benchi la kungojea ni kope zilizogeukia ndani. Kila mgonjwa anapopepesa, kope hukwaruza mboni, mpaka inakuwa na ukungu na hatimaye upofu. Parker alitumia kisu kuurekebisha ukingo wa jicho. Hospitali hiyo baadaye iliongozwa kwa miaka mingi na John Kerr, na Sun Yat-sen, aliyekuja kuongoza mapinduzi ya mwaka 1911, alisoma udaktari hapo mwaka 1886. Hospitali ya Ukumbusho ya Sun Yat-sen iliyopo Guangzhou hivi sasa inajihesabu kuwa ni mrithi wake.

Ugonjwa huo wa kope, ambao mara nyingi huletwa na trakoma, unajulikana vizuri Kongwa mkoani Dodoma, Kajiado na Turkana, ambako watu kwa vizazi wamebeba kibano kidogo cha kung'olea kope. Shida ni ileile ya uzi: kope iliyong'olewa hurudi, tena hurudi ikiwa fupi na yenye ncha ya kuchoma. Mwaka 1875 daktari wa macho Charles Michel wa mji wa St. Louis nchini Marekani alitangaza njia mpya. Aliingiza sindano nyembamba hadi kwenye mzizi wa kope, akaiunganisha na betri, na kupitisha umeme mdogo. Kope ikalegea na kutoka, na haikuota tena.

Kinachotendeka ndani ni rahisi kueleza. Chumvi na maji yaliyomo katika ngozi hubadilishwa na umeme kuwa kostiki, ileile wanayoitumia watengenezaji wa sabuni, na tone dogo la kostiki hiyo huteketeza kichomozo kinacholisha unywele. Madaktari wa ngozi hawakuchelewa kuona kwamba lililowezekana kwenye kope linawezekana kwenye kidevu. Tatizo lilikuwa muda, kwani kila unywele ulitaka sindano yake na subira yake. Mwaka 1916 Paul Kree wa New York alitumia sindano kadhaa kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1920 daktari Mfaransa Henri Bordier wa Lyon alitumia umeme wa mawimbi ya kasi, unaounguza kwa joto badala ya kostiki na kumaliza kwa nukta chache tu. Mwaka 1948 Wamarekani Arthur Hinkel na Henri St. Pierre walipata hataza ya mashine iliyounganisha njia hizo mbili. Baada ya hapo msingi wa kazi ya sindano haujabadilika sana. Huchosha, huuma, na uso wenye nywele nyingi huweza kuhitaji mwaka mzima au zaidi wa kwenda na kurudi. Lakini haichagui rangi ya ngozi wala rangi ya unywele, na Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inaitambua njia hii peke yake kuwa ni ya kuondoa nywele kwa kudumu.

Watu hawapendi kungoja mwaka mzima. Pupa hiyo ilileta misiba ambayo inastahili kukumbukwa na yeyote anayeuza au kununua mashine za urembo.

Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mwishoni mwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata, daktari Leopold Freund wa Vienna aliielekeza miale hiyo kwenye mgongo wa mtoto wa kike wa miaka mitano, aliyezaliwa na baka kubwa lenye nywele. Nywele zilidondoka kama Freund alivyotazamia. Baadaye mgongo ukafanya vidonda. Onyo lilikuwa wazi, hata hivyo katika miaka ya 1920 daktari Albert Geyser wa New York alianzisha mfumo ulioitwa Tricho, na mashine zake za eksirei zikawekwa katika saluni za miji mingi ya Amerika Kaskazini. Mwanamke aliketi mbele ya kisanduku, akaweka shavu lake kwenye kidirisha, akasikia mlio wa mashine kwa dakika chache, akaondoka bila maumivu na bila alama. Ukilinganisha na sindano, hapana shaka ilionekana kuwa ni muujiza. Miaka ilipopita, ngozi za wanawake wengi zilikunjamana, zikafanya mabaka na vidonda visivyopona, na wengine wakapata saratani. Chama cha Madaktari cha Marekani kililaani mfumo huo mwaka 1929, na kampuni ikasambaratika muda mfupi baadaye. Kwa waliokwisha kukaa mbele ya kidirisha kile, hukumu ilikuja imechelewa, kwa sababu madhara ya miale hiyo hujificha kwa miaka mingi kabla ya kujitokeza.

Wakati uleule ilikuwa ikiuzwa krimu iliyoitwa Koremlu. Ndani yake mlikuwa na thaliamu, sumu iliyotumika kuulia panya. Kweli nywele zilidondoka, hata za kichwani ambako krimu haikupakwa, na miongoni mwa waliotumia wapo waliopooza miguu na waliopoteza nuru ya macho. Wakati huo sheria ya Marekani haikuwa na nguvu juu ya vipodozi. Mkasa wa Koremlu ulikuwa miongoni mwa hoja zilizosaidia kupatikana kwa sheria mpya ya mwaka 1938.

Miaka 60 hivi baadaye krimu nyingine ya usoni iligusa maisha ya watu wa Afrika Mashariki na Kati kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Dawa ya eflonithini ilitengenezwa katika miaka ya 1970 kwa matumaini ya kutibu saratani. Matumaini hayo hayakutimia, lakini iligunduliwa kwamba inawaponya wagonjwa wa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hata kama vijidudu vimekwisha kuingia kwenye ubongo. Mwaka 1990 iliidhinishwa Marekani kwa matibabu ya malale ya aina inayopatikana Afrika Magharibi na ya Kati, kaskazini magharibi mwa Uganda na kusini mwa Sudan. Wagonjwa waliokuwa wamezimia waliamka, na watu wakaiita dawa ya kufufua. Kabla yake, tiba ya hatua hiyo ilikuwa melasoprol, dawa yenye aseniki ndani yake, inayounguza mishipa inapodungwa, na ambayo yenyewe iliua takriban mgonjwa 1 katika kila 20 waliotibiwa.

Hata hivyo wagonjwa wa malale ni watu wa vijijini wasio na fedha. Mwaka 1995 utengenezaji wa eflonithini ulisimamishwa kwa kuwa haukuleta faida. Madaktari wa Arua na wa kusini mwa Sudan wakawa wanahesabu chupa zilizobaki na kurudia aseniki. Kisha ikaonekana kwamba dawa hiyohiyo ikipakwa kwenye ngozi hupunguza kasi ya kukua kwa nywele, na mwaka 2000 FDA ikaidhinisha krimu iliyoitwa Vaniqa, kwa ajili ya wanawake wenye nywele za usoni. Dawa iliyokosekana kwa anayekufa ikapatikana kwa anayetaka kidevu laini. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, na Shirika la Afya Duniani, WHO, hawakuinyamazia tofauti hiyo. Kwa shinikizo lao, mwaka 2001 kampuni ya Aventis ilikubali kutoa dawa za malale bure, pamoja na eflonithini, katika mpango wa miaka mitano wa dola za Marekani milioni 25.

Haifai kuwalaumu wanawake walionunua krimu hiyo, kwani shida yao ilikuwa ya kweli na hawakuwa na habari za Arua. Wala krimu yenyewe haikuwa ya kudumu: haing'oi unywele, huuchelewesha tu, na mtu akiacha kuitumia hali hurudi kama ilivyokuwa baada ya miezi miwili hivi. Kilichodumu ni upande wa pili. Eflonithini pekee ilitaka mgonjwa adungwe dripu mara 56 kwa siku 14, kazi ngumu kwa kituo cha afya cha kijijini. Majaribio yaliyofanywa Omugo, kaskazini magharibi mwa Uganda, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, yalionyesha kwamba ikichanganywa na vidonge vya nifutimoksi inafaa zaidi kuliko michanganyiko mingine iliyojaribiwa. Kwa utaratibu huo dripu zilipungua kufikia 14 kwa siku saba, na mwaka 2009 mchanganyiko huo uliingizwa katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Mwaka 2022 WHO ilithibitisha kwamba nchini Uganda malale ya aina hiyo si tatizo tena la afya ya umma.

Njia iliyokuja kuvuma zaidi ni ya mwanga. Mwaka 1983, katika jarida la Science, madaktari Rox Anderson na John Parrish wa Boston walieleza kwamba mwanga wa rangi moja, ukipigwa kwa muda mfupi unaofaa, unaweza kuteketeza kitu chenye rangi ndani ya ngozi bila kuiunguza ngozi inayokizunguka. Mwaka 1996 wenzao wa mji huohuo walitangaza matokeo ya kuondoa nywele kwa leza ya rubi. Mwanga hunywewa na weusi wa unywele, hugeuka kuwa joto, na joto hilo hukiharibu kinyweleo. Uso ambao sindano ingeushughulikia kwa mwaka, leza huupitia kwa dakika chache, ingawa hurudiwa mara kadhaa kwa vipindi vya majuma. FDA iliposema juu yake ilichagua maneno kwa uangalifu: leza huruhusiwa kudai kwamba inapunguza nywele kwa kudumu, si kwamba inaziondoa zote. Nywele nyeupe haizioni kabisa.

Na hapo ndipo penye mtego kwa Mwafrika. Leza ya rubi ilifaa ngozi nyeupe yenye nywele nyeusi. Mwanga unaotafuta weusi hauwezi kutofautisha weusi wa unywele na weusi wa ngozi, na ngozi ya mtu wa Mombasa au Kampala inao weusi huo juu kabisa, mahali ambapo mwanga hupita kwanza. Matokeo yake ni malengelenge, makovu na mabaka meupe au meusi yanayokaa kwa miezi. Rubi ina urefu wa wimbi wa nanomita 694, aleksandraiti 755, na leza za dayodi kwa kawaida 800 hadi 810. Inayofahamika kuwa salama zaidi kwa ngozi nyeusi ni ile ya Nd:YAG yenye nanomita 1,064, kwa sababu mwanga wake huzama ndani zaidi na hunywewa kidogo na weusi wa ngozi. Leza hiyohiyo imewasaidia wanaume wenye ndevu za kipilipili ambazo zikinyolewa hujikunja, huingia tena kwenye ngozi na kuleta vipele vya shingoni. Pia madaktari wameona kwamba kwa baadhi ya wanawake, hasa wenye matatizo ya homoni, mwanga hafifu badala ya kuua nywele huzichochea kuota zaidi.

Nambari hizi zina maana kubwa mjini Guangzhou, kwa sababu mashine hizo huuzwa huko kwa wingi. Maonesho ya bidhaa ya China yalianza mjini humo mwaka 1957, na maonesho makubwa ya urembo yalianza mwaka 1989. Zaidi ya nusu ya viwanda vya vipodozi vya China viko katika mkoa wa Guangdong. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara wa Afrika walianza kukaa katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, na huko Sanyuanli, karibu na maduka ya ngozi na saa, kuna masoko ya jumla ya vipodozi na vifaa vya saluni. Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa River Road anayeingia humo anakuta mashine za leza ya dayodi, mashine za mwanga wa kumetameta na vifaa vidogo vya kushika mkononi, vyote vikiwa na picha ya shavu laini lisilo na rangi nyingi. Mwanga wa kumetameta ndio wa rahisi na ndio unaouzwa zaidi, nao ndio usiofaa ngozi nyeusi. Nchini China kwenyewe kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2002 zimeweka urembo wa kitabibu chini ya taasisi zenye leseni, na kuondoa nywele kwa leza kumehesabiwa humo. Kanuni hizo hazipandi ndege pamoja na sanduku la mashine. Saluni ya Dar es Salaam inayoipokea inapata kitabu cha maelekezo, mara nyingine cha Kichina kitupu, na mteja wa kwanza hulala kitandani kabla mtu hajauliza nambari ya nanomita imeandikwa wapi.

Uzi nao haujafa. Katika mitaa ya zamani ya Guangzhou na miji ya jirani bado wapo wanawake wa makamo wanaofanya kazi ya kufungua uso, wakiwa na kiti kifupi, kopo la unga mweupe na kibonge cha uzi wa pamba. Wateja wao wa leo wengi ni wanawake waliokwisha kuolewa zamani, pamoja na wasichana ambao hawana arusi yoyote mbele yao na hawaulizwi. Kazi nzima haizidi nusu saa hivi, uso hubaki mwekundu mpaka jioni, na baada ya majuma machache malaika yakiota mteja hurudi kwenye kiti kilekile.